Safu ya Pointi Isomwe Mwisho: Kuyaelewa Majedwali ya Takwimu za Wachezaji wa Timu za Taifa

Mwishoni mwa Agosti 2021, katika mashindano ya AfroBasket, ubingwa wa mpira wa kikapu wa Afrika, yaliyochezwa Kigali, timu yetu ya taifa ya wanaume ya Uganda, Silverbacks, iliifunga Nigeria pointi 80 kwa 68 na kuingia robo fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake. Julai ya mwaka huohuo Nigeria ilikuwa imeishinda Marekani 90 kwa 87 katika mchezo wa kirafiki mjini Las Vegas, ingawa kikosi kilichokuja Kigali kilikuwa kimebadilika sana kulinganisha na kile cha Julai. Usiku ule jedwali la takwimu za wachezaji lilizunguka kutoka simu hadi simu hapa Kampala, na karibu kila niliyemwona akilifungua alifanya jambo lilelile: alikimbilia safu ya mwisho upande wa kulia, safu ya pointi, akatafuta namba kubwa kuliko zote, kisha akamtangaza mwenye namba hiyo kuwa ndiye aliyetushindia mchezo.

Nimekaa kwa misimu kadhaa kwenye meza ya kuandikia takwimu katika michezo ya vyuo na ya ligi hapa mjini, na kadiri nilivyozidi kukaa pale ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba safu ile ya pointi inafaa isomwe mwisho. Haina uongo ndani yake. Shida ni kwamba jedwali la mpira wa kikapu huandika alichofanya mchezaji alipougusa mpira, na karibu halina la kusema kuhusu alichofanya wakati mpira uko mikononi mwa mwingine, ilhali kila mchezaji hutumia sehemu kubwa ya dakika zake bila mpira. Msomaji asiyelijua hilo atawasifu wachezaji wasiostahili na kuwalaumu wasio na hatia, na katika nchi kama yetu, ambako kijana anaweza kupata au kukosa nafasi ya kusoma nje kwa sababu ya karatasi hiyo moja, kosa hilo lina gharama.

Jedwali linavyozaliwa

Nyuma ya jedwali la FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, kuna kazi ya mikono. Kwenye meza hukaa angalau watu wawili. Mmoja haondoi macho uwanjani, na kazi yake ni kutamka. Mwingine hautazami uwanja bali kompyuta, na hubonyeza kile anachokisikia. Mlolongo wake huwa kama huu: «Saba, mbili, kosa. Kumi na mbili, ribaundi. Nne, tatu, ndani. Asisti, kumi na mbili.» Maana yake ni kwamba mchezaji namba 7 alitupa mtupo wa pointi mbili akakosa, namba 12 wa timu pinzani akauokota mpira uliokoswa, yaani ribaundi, akampasia namba 4, naye akafunga pointi tatu. Yote hayo yanaweza kutokea katika sekunde kumi tu, na kabla mbonyezaji hajainua kidole, mpira uko upande wa pili.

Sasa nieleze kile ambacho hakikutamkwa. Katika mchezo mmoja ninaoukumbuka vizuri, kati ya kosa la namba 7 na ribaundi ya namba 12 kulikuwa na namba 15, kijana mrefu mwenye mabega mapana, ambaye mpira ulipokuwa bado hewani aligeuka, akauweka mgongo wake kifuani mwa mpinzani mkubwa kuliko wote, akakunja magoti na kumbana pale asiweze kuruka. Mpira ukaanguka mikononi mwa namba 12, ambaye hata hakulazimika kunyanyua visigino. Mtamkaji aliyaona yote, lakini kwenye kompyuta hakuna kitufe cha kazi ile. Ribaundi ikaandikwa kwa namba 12, asisti ikaandikwa kwa namba 12, pointi tatu zikaandikwa kwa namba 4, na mstari wa namba 15 ukabaki kama ulivyokuwa.

Hata vile vinavyotamkwa vina hukumu ya binadamu ndani yake. Pointi na mitupo huru, ile ya pointi moja moja inayotolewa baada ya faulo, havina ubishi, kwa sababu mpira umeingia au haukuingia. Asisti, kwa upande mwingine, ni pasi inayoongoza moja kwa moja kwenye kikapu, na neno «moja kwa moja» humwacha mtamkaji aamue ndani ya nusu sekunde kama mfungaji aliyedunda mara mbili na kumkwepa mlinzi alifunguliwa njia na pasi ile au alijitafutia mwenyewe. Zaidi ya hapo, mwongozo wa takwimu wa FIBA huhesabu asisti pia pale mpokea pasi anapofanyiwa faulo akiwa anatupa, akaingiza angalau mtupo huru mmoja, jambo ambalo NBA, ligi kuu ya Marekani, hailihesabu. Kwa hiyo mtu anayeweka asisti za mchezaji wa timu ya taifa kando ya zile alizopata mchezaji yuleyule Marekani analinganisha vitu viwili vilivyopimwa kwa vipimo tofauti.

Ribaundi nayo ina jambo lake dogo linalowachanganya wengi. Ukijumlisha ribaundi za wachezaji wote kumi na wawili, mara nyingi utapata namba iliyo chini ya jumla iliyoandikwa mwishoni mwa jedwali, kisha utadhani waandishi wamekosea. Hawajakosea. Mtupo ukikosa na mpira ukatoka nje bila mtu kuumiliki, ribaundi huandikwa kwa timu, katika mstari wake wa peke yake chini ya majina. Timu ikishindwa kutupa ndani ya sekunde 24, mpira uliopotezwa huandikwa kwa timu pia, na hakuna hata mmoja kati ya walinzi watano waliowanyima wenzao nafasi kwa sekunde zote hizo anayepata chochote katika mstari wake. Mimi naona ulinzi wa namna hiyo kuwa miongoni mwa mambo makubwa kabisa uwanjani, lakini katika karatasi unaonekana kama uzembe wa wapinzani tu.

Pointi 18 zinaweza kuwa mizigo miwili tofauti

Tuchukue mfano wa kujitungia, ili hesabu zionekane wazi. Wachezaji wawili wa timu moja wamemaliza mchezo kila mmoja akiwa na pointi 18. Wa kwanza alitupa mara 17, akaingiza 6, mbili kati ya hizo zikiwa za pointi tatu, kisha akaingiza mitupo huru 4 kati ya 4. Wa pili alitupa mara 10, akaingiza 7, mbili zikiwa za pointi tatu, kisha mitupo huru 2 kati ya 2. Katika safu ya pointi hawa ni mapacha. Lakini wa kwanza alikosa mara 11, na wa pili mara 3 tu. Zile nafasi saba za ziada ambazo wa kwanza alizitumia zilikuwa mali ya timu nzima, na wenzake wangeweza kuzifanyia kitu kingine.

Asilimia ya kawaida ya mitupo huanza kutufumbua macho, kwa kuwa inatupatia 35 kwa wa kwanza na 70 kwa wa pili, lakini ina dosari ya kuhesabu mtupo wa pointi tatu sawa na wa pointi mbili. Ndiyo maana wanatakwimu wanatumia asilimia iliyorekebishwa, ambamo kila mtupo wa pointi tatu ulioingia huongezewa nusu kabla ya kugawanya kwa mitupo yote. Wa kwanza ana mitupo 6, anaongezewa 1 kwa ajili ya mitupo yake miwili ya pointi tatu, anakuwa na 7 kati ya 17, yaani asilimia 41. Wa pili anakuwa na 8 kati ya 10, yaani asilimia 80. Hapo ndipo tofauti yao inapoonekana kwa ukubwa wake halisi.

Mfano wa kweli unaonipendeza ni wa fainali ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, ambapo Marekani iliifunga Ufaransa 98 kwa 87. Stephen Curry alifunga pointi 24, zote kwa mitupo ya mbali: alitupa 12 ya pointi tatu akaingiza 8, na mtupo mmoja wa pointi mbili akaukosa. Asilimia yake ya kawaida ni 8 kati ya 13, yaani karibu 62, ambayo ni nzuri lakini haishtui. Ukiirekebisha, inakuwa 12 kati ya 13, yaani asilimia 92. Na katika mchezo huohuo aliyeongoza kwa pointi hakuwa yeye wala Mmarekani yeyote, bali Victor Wembanyama wa Ufaransa, aliyefunga 26 na kuondoka na medali ya fedha. Msomaji wa safu ya mwisho peke yake angemkabidhi kijana huyo ushindi ambao hakuupata.

Zamu, muda na mwendo wa mchezo

Jambo la pili ambalo jedwali linalificha ni idadi ya nafasi. Mchezo wa FIBA una robo nne za dakika 10, jumla 40, ilhali wa NBA una dakika 48. Mtu akisikia kwamba timu ya taifa ilifunga pointi 101, aelewe kwamba kwa mwendo uleule katika dakika 48 zingekuwa kama 121. Wapo mashabiki wanaowadharau wachezaji wetu kwa sababu «wanafunga pointi 12 tu», bila kukumbuka kwamba saa yenyewe ni fupi kwa moja ya sita.

Hata ndani ya dakika 40, timu nyingine hukimbia na nyingine hutembea. Kipimo cha haki ni zamu, yaani kila mara timu inapoumiliki mpira hadi inapoupoteza au kuuachia kwa wapinzani. Jedwali halina safu ya zamu, lakini unaweza kuzikadiria kutoka mstari wa jumla wa timu: chukua mitupo yote ya uwanjani, ongeza mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44, ondoa ribaundi za kushambulia, yaani zile timu inazookota baada ya mitupo yake yenyewe kukosa, kisha ongeza mipira iliyopotezwa. Hiyo 0.44 huwasumbua wengi, na maelezo yake ni mepesi. Mitupo huru miwili kwa kawaida hufunga zamu moja, kwa hiyo ungetarajia nusu. Lakini mtupo huru mmoja unaotolewa baada ya kikapu kilichoingia hauongezi zamu mpya, wala ule wa faulo ya kiufundi, na mchezaji aliyefanyiwa faulo akitupa pointi tatu hutupa mara tatu kwa zamu moja. Ukiyakusanya yote hayo kwa michezo mingi, wastani unashuka chini ya nusu kidogo.

Tuseme timu imetupa mara 65, ina mitupo huru 20, ribaundi za kushambulia 10, na mipira iliyopotezwa 15. Zamu zake ni 65, ongeza 8.8, ondoa 10, ongeza 15, yaani karibu 79. Matokeo ya 80 kwa 68 kama yale ya Kigali, yakitokea katika mchezo wa zamu 79, yangekuwa na maana kwamba washindi walipata kama pointi 101 kwa kila zamu 100 na wapinzani wao 86. Sitoi namba hizi za zamu kama za usiku ule wa Kigali. Nazitumia kuonyesha njia. Ukiifuata njia hiyo utagundua mara nyingi kwamba timu ambayo kila mtu anaisifu kwa mashambulizi yake ina mashambulizi ya kawaida na mwendo wa haraka, na kwamba kilichoipa ushindi ni kuwanyima wapinzani.

Safu ya dakika iko upande wa kushoto, karibu na majina, na ndiko ninakoanzia kusoma. Wachezaji watano kwa dakika 40 ni dakika 200 za kugawana, na namna kocha alivyozigawa hueleza alimwamini nani pale mambo yalipokuwa magumu. Mchezaji aliyefunga pointi 8 katika dakika 11 na mwingine aliyefunga 12 katika dakika 36 hawawezi kuwekwa kwenye mizani moja. Hata hivyo sipendi tabia ya kuzidisha dakika chache hadi zifike 40 na kusema kwamba fulani «angefunga 29», kwa sababu mtu anayeingia kwa dakika 11 mara nyingi hukutana na walinzi wa akiba waliochoka au wasio na uzoefu, na miguu yake mwenyewe haijachoka.

Namba moja inayotaka kusema yote

Karibu na safu ya pointi, jedwali la FIBA lina safu ya ufanisi, na hii ndiyo namba ambayo watu wengi huiamini kupita kiasi kwa sababu inaonekana imejumlisha kila kitu. Hesabu yake ni hii: jumlisha pointi, ribaundi, asisti, mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa, kisha ondoa mitupo ya uwanjani iliyokoswa, mitupo huru iliyokoswa na mipira iliyopotezwa.

Itazame kwa makini na utaona upungufu wake. Mtupo wa pointi mbili ukiingia unampa mchezaji 2, ukikosa unamnyang'anya 1. Kwa hiyo mchezaji anayeingiza mtupo mmoja kati ya kila mitatu habadiliki. Anapata 2 na kupoteza 2. Akivuka hapo kidogo tu, tuseme asilimia 35, ufanisi wake unapanda kila anapozidi kutupa, ingawa timu yake inapata pointi 0.7 tu kwa kila mtupo, kiwango ambacho hakuna timu ya taifa inayoweza kushinda nacho. Kwa mitupo ya pointi tatu mpaka uko chini zaidi: robo. Anayeingiza asilimia 26 kutoka mbali anaidhoofisha timu huku safu ya ufanisi ikimpongeza. Kipimo hiki kinamlipa mtu kwa kutupa, na kijana anayejua kwamba atahukumiwa kwa namba hii ana sababu ya kutupa hata pale mwenzake anaposimama peke yake chini ya kikapu.

Hilo halina maana kwamba namba kubwa hazina thamani. Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, Sudan Kusini ilicheza na Marekani mchezo wa kujiandaa kwa Olimpiki na kushindwa 101 kwa 100, baada ya LeBron James kufunga kikapu cha mwisho sekunde chache kabla ya kengele. Carlik Jones wa Sudan Kusini alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na asisti 11. Ukijumlisha hizo tatu unapata 37, na kilichobaki ni kuongeza alichopora na kuzuia, kisha kutoa alichokosa na kupoteza. Dhidi ya kikosi kile, mtu mwenye mstari kama huo alicheza vizuri mno, na kipimo chochote kingesema hivyo. Ugumu huanza kwa wale walio katikati ya jedwali, wenye ufanisi wa 7, 9 au 11, ambao ndio wengi na ndio makocha wanaohitaji kuwachagua.

Safu yenye alama ya kujumlisha na kutoa

Mchezo huohuo wa London unafaa sana kuelezea safu nyingine inayozua mabishano: tofauti ya pointi wakati mchezaji akiwa uwanjani. Ukiingia timu yenu ikiwa sawa na wapinzani, na ukitoka ikiwa mbele kwa 6, unaandikiwa +6, hata kama hukuugusa mpira. Hatimaye kuna safu inayomtambua namba 15! Nilipoielewa mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi, na ilinichukua muda kuona mipaka yake.

Kwanza, kila pointi ya tofauti huandikwa kwa watu watano kwa pamoja. Ndiyo maana ukijumlisha safu hii kwa timu nzima unapata tofauti ya matokeo mara tano: kwa Uganda dhidi ya Nigeria, tofauti ya 12 inazaa jumla ya +60, kwa Sudan Kusini jijini London, tofauti ya 1 inazaa −5. Safu hii kwa hiyo haitenganishi mtu na wenzake. Mchezaji dhaifu anayeingia kila mara pamoja na wanne bora atapendeza, na mchezaji bora anayepewa kazi ya kuongoza wachezaji wa akiba ataonekana mzigo.

Pili, wakati wa kuingia una uzito mkubwa. Sudan Kusini iliongoza 58 kwa 42 hadi mapumziko. Kipindi cha pili Marekani ikafunga 59 na kufungwa 42. Mtu ambaye angecheza kipindi cha kwanza chote na kukaa benchi baadaye angeandikiwa +16. Ambaye angeingia baada ya mapumziko na kubaki hadi mwisho angeandikiwa −17. Hao wawili wangeweza kuwa na uwezo uleule kabisa, na tofauti yao ya pointi 33 ingetokana zaidi na Wamarekani kuamka. Katika mchezo mmoja, safu hii ni kumbukumbu ya yaliyotokea mchezaji akiwa uwanjani. Inaanza kusema jambo la kuaminika kuhusu mchezaji mwenyewe baada ya michezo mingi, akiwa amechanganywa na wenzake wa kila aina.

Na michezo mingi ndiyo kitu ambacho timu za taifa hazina. Barani Afrika dirisha moja la kufuzu kwa kawaida huwa na michezo mitatu kwa kila timu, kisha wachezaji hurudi katika klabu zao hadi mwaliko mwingine. Chukua mtupaji ambaye kwa kawaida huingiza moja kati ya tatu kutoka mbali. Akitupa mara sita katika mchezo mmoja, kuna uwezekano wa asilimia 35 kwamba hataingiza hata mmoja au ataingiza mmoja tu, na uwezekano wa asilimia 10 kwamba ataingiza minne au zaidi. Hakuna kilichobadilika katika mkono wake wala moyo wake. Lakini akipata siku ya kwanza ataitwa mwoga wa jezi ya taifa, na akipata ya pili atabebwa mabegani. Nimewasikia watu wazima wakimhukumu kijana wa Uganda kwa mitupo sita, na natamani wangeipata hesabu hii kabla ya kufungua midomo.

Mambo ambayo karatasi haiyaoni

Khaman Maluach alikuja Uganda akiwa mtoto kutoka Sudan Kusini, akakulia Kampala, na hapahapa ndipo alipoanza kujifunza mchezo huu akiwa na miaka 13 hivi. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 16, alicheza Kombe la Dunia akiwa na Sudan Kusini; mwaka uliofuata alivaa jezi ya City Oilers ya Kampala katika BAL, ligi ya klabu za Afrika, kisha akaenda Olimpiki; na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi katika uteuzi wa kila mwaka ambao klabu za NBA huwachagua wachezaji wapya. Kijana wa urefu wa karibu sentimita 218 akisimama chini ya kikapu, mpinzani aliyekuwa anakuja kwa kasi hugeuza nia, hupunguza mwendo na kurudisha mpira nyuma. Mtupo haukufanyika, kwa hiyo hakuna mtupo uliokoswa wala uliozuiwa. Zamu ile inaweza kuishia kwa mtupo mbovu wa mbali sekunde za mwisho za saa ya sekunde 24, na kosa hilo likaandikwa kwa mtupaji na ribaundi ikaandikwa kwa mlinzi wa pembeni. Aliyeanzisha yote haonekani popote.

Ukiacha ribaundi, ulinzi kwa jumla una safu mbili tu za kujitegemea, za kupora na za kuzuia, na zote mbili hulipa ujasiri wa kubahatisha. Mlinzi anayerukia kila pasi atapora mara tatu na kuachwa nyuma mara tisa. Zile tatu zina safu, zile tisa hazina. Ukitaka kumpima mlinzi kwa jedwali, afadhali uanze na faulo, kisha utazame wapinzani wa nafasi yake walipata nini katika jedwali la upande wa pili. Hii ni njia ya mzunguko, na inahitaji uwe umeuona mchezo ili ujue nani alimlinda nani, lakini inakaribia ukweli kuliko kuhesabu mipira iliyoporwa. Safu ya faulo alizofanyiwa mchezaji, ambayo watu wengi huiruka, nayo inafaa kutazamwa: anayeangushwa mara saba amewaweka wapinzani wake benchi, kwa kuwa faulo ya tano humtoa mtu mchezoni, hata kama yeye mwenyewe hakufunga nyingi.

Kwa sababu ya haya yote, kwenye meza yetu tulianza kuweka karatasi ya pembeni, yenye mistari iliyochorwa kwa rula. Mtu wa tatu, mara nyingi mwanafunzi anayejifunza kazi hii, hukaa nayo na penseli na kutia alama kwa mambo matatu tu: kumbana mpinzani wakati wa ribaundi, kumkinga mwenzako apate nafasi ya kutupa, na kuinua mkono mbele ya mtupaji kwa wakati. Mara ya kwanza tulipojaribu ilikuwa vurugu, kwa maana macho ya mwanafunzi yalikuwa yakiufuata mpira, na mambo haya matatu hutokea mahali ambapo mpira haupo. Ilibidi tumwagize atazame viuno na miguu, asiutazame mpira kabisa.

Namba 15 alicheza tena jioni moja karatasi hiyo ikiwa mezani. Jedwali rasmi lilipotoka kwenye mashine, mstari wake ulikuwa mtupu kama kawaida yake, vikapu viwili na ribaundi chache. Mstari wake wa penseli ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na mwanafunzi alikuwa ameugeuza upande wa pili wa karatasi ili aendelee kutia alama.